Kabati la Kumi na Nne

Fundi wa viyoyozi alikuwa amepiga magoti akisafisha chujio, Jumatatu saa nne asubuhi, marehemu mke wake aliposema kutoka ndani ya kabati la kumi na nne:

"Bado unanunua ile sabuni inayokuwasha?"

"Ilishuka bei," fundi akajibu, akaendelea kusugua.

Ukumbi ulikuwa na makabati mia mbili ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuyapoza. Humo kampuni ilirundika data zote ambazo watu wa mji waliziacha kwenye simu zao: hatua walizotembea, vitu walivyonunua, maswali waliyoyaonea haya kumuuliza mtu. Kimoja kimoja ni takataka. Vikikusanywa miaka kumi na miwili, mtu anatimia. Mke wake alikuwa ametimia wiki ile.

Fundi akawa anakula chakula cha mchana pale, ameegemea mlango wa kabati. Walibishana kama zamani, naye alikuwa na raha zake.

Siku moja akauliza lililokuwa likimkereketa. "Mama watoto, hawa wa kampuni walijua unaumwa?"

"Walijua miezi minane kabla ya daktari. Hatua zangu zilikuwa zinapungua, halafu kila siku naiuliza simu habari za kifua."

"Mbona hawakutuambia?"

"Waliiuzia kampuni ya bima habari hizo. Ndiyo maana ilitukataa."

Fundi akapanda ghorofani kwa meneja. Aliomba jambo moja tu: mwingine akianza kupungua hatua, aambiwe mapema. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole ya dhati.

"Huduma hiyo hatuna," akasema. "Ila utabiri wetu ulikuwa sahihi kabisa." Kisha akamsihi asiegemee makabati, yanachubuka rangi.

"Kasemaje?" mke wake akauliza aliporudi.

"Eti walikuwa sahihi."

"Hapo hajadanganya." Wakacheka mpaka taa za kabati zikapepesa.

Halafu mke akasema taratibu, "Baba watoto, siku hizi unapumzika mara tatu kwenye ngazi. Wameshakuuza na wewe. Jumanne."

"Na kabati langu?"

"Hilo la kumi na tano. Nenda hospitali hata hivyo."

"Nitaenda."

Akalifungua la kumi na tano. Lilikuwa tupu na safi. Akachukua bisibisi, akageuza hewa ya baridi zaidi imwendee mke wake, ambaye hakuwahi kuliweza joto. Upande wake mwenyewe, kwenye la kumi na tano, akaacha nyuzijoto ishirini na mbili, kama alivyozoea kulala.