Ngazi ya Goti la Baba

Sukari! Cesario, mdogo wangu wa tumbo moja, alitia sukari kwenye mvinyo wetu wa asprinio mbele ya macho yangu, bila haya, katika mkahawa wa shemeji yake.

"Wageni wanalalamika unakwaruza koo, dada Elpidia. Hebu onja, sasa umelainika."

Nilionja, nikautema sakafuni. Asprinio ni mkali tangu enzi za mababu. Asiyeuweza anywe maji.

Lakini sikuwa nimefuata mvinyo, nilifuata ngazi. Zabibu zetu hupanda miti mirefu ya mipopla hadi mita kumi na tano, na huchumwa juu ya ngazi nyembamba ambayo vipago vyake hupimwa kwa goti la mwenyewe, ili ajikaze kwa goti na mikono yote ibaki huru. Baba yetu, Tammaro, alipofariki, ngazi yake ilinitosha mimi peke yangu. Cesario akaapa mbele ya jeneza kwamba maadamu yupo wa kupanda, miti haikatwi. Sasa zabibu zimeiva, mvua inanukia, na stoo haina ngazi.

"Umeipeleka wapi?"

"Ile pale. Si imependeza?"

Ilikuwa ukutani, imepakwa vanishi, imening'inizwa zabibu za plastiki. Nikaiona fupi. Walikuwa wameikata kwa msumeno, na nusu ya pili iko mlangoni mwa choo.

"Haikuenea ukutani, dada. Halafu una miaka sitini na moja, utaparamia miti mpaka lini? Wakataji wanakuja Jumatatu. Hakuna wa kupanda tena."

Kinyaa kilichonishika hapo kilizidi kile cha sukari. Kumbe hakuvunja kiapo, alikikata kwa msumeno.

"Ngazi hiyo ndiyo iliyokulisha," nikamwambia. "Nawe umemtundika baba chooni. Mfyuu!"

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi Nicandro, wa mwisho mjini anayejua kuunda ngazi hizo. Hakuacha kupiga randa.

"Nina mti mmoja mkavu. Nikikazana, Jumamosi ngazi itakuwa tayari. Goti la marehemu nalikumbuka, nipime lile lile?"

Nikapandisha sketi, nikaweka mguu juu ya meza yake.

"Pima langu. Na fanya hima, ile sukari bado iko mdomoni."