Neno Lisilo na Sura

Tangu trela la miwa limwangukie mumewe, Mideva hakuwa na usingizi. Akifumba macho tu alisikia chuma kikilalia matope, kisha kimya, kisha watu wakikimbia. Mchungaji alimwombea. Daktari alimpa vidonge, vikamfanya asinzie kazini akiwa amesimama, mkasi mkononi, kitambaa cha mteja kikikatwa upogo.

Duka hilo la vitambaa lilikuwa mjini Kakamega, mali ya mjane wa Kihindi aliyeitwa Mama Kokila. Siku ya upogo hakugomba. Alimwita nyuma ya kaunta, pale alipozoea kukaa kila asubuhi kabla ya kufungua, macho yamefumbwa, midomo ikichezacheza.

"Hulali wewe."

"Silali, Mama."

"Kaa hapa. Vuta pumzi, sema Hari. Toa pumzi, sema Om. Basi."

"Ni dawa?"

"Ni jina la Mungu. Kichwa chako ni kama soko la Lubao siku ya ng'ombe, kila mtu anapiga kelele. Kipe neno moja kitafune."

Mideva akajaribu. "Hali Om."

"Hali? Hali nzuri!" Mama Kokila alicheka mpaka bangili zikalia. "Hari! Ulimi wenu huu!"

"Na nikikosea?"

"Mungu si mwalimu wa imla. Wewe sema tu."

Alichokipenda Mideva ni kwamba neno lile halikuwa na sura. Nyimbo zote za kanisani zilikuwa zimeimbwa kaburini. Kila ubeti ulikuwa na udongo. Hili hakuwa amelisikia kwa furaha wala kwa msiba. Alilisema akipanga majora, alilisema akifagia, kimoyomoyo. Jumapili alilala mchana kutwa kwenye mkeka, mate yakimtoka kama mtoto.

Nyumbani, upande wa Lubao, waliishi watatu: yeye, bintiye Naliaka, na mama mkwe wake, Jael. Tangu mazishi Jael alikuwa haongei na mtu, labda kuku. Jina la marehemu halikutajwa nyumbani humo. Kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake.

Jioni moja, maji ya obusuma, ugali wa jioni, yakiwa bado hayajachemka, Mideva alikaa kwenye kigoda jikoni akafumba macho. Hakujua kwamba sauti imemtoka, wala kwamba ulimi umerudi kwao.

"Hali," alisema. "Hali. Hali."

Sufuria ilianguka mlangoni. Jael alikuwa amesimama pale, mikono mitupu.

"Unamwita nani?"

"Mama, si—"

"Miaka yote akiwa hai hukumwitanga jina. Baba Naliaka, Baba Naliaka. Sasa amelala ndio unamwita?"

Hapo ndipo Mideva alipolisikia. Kwake mume alikuwa Baba Naliaka, kama adabu ya mke inavyotaka. Kwa wenzake wa trekta alikuwa Harrison. Ni mama yake peke yake aliyemwita Hali, akipaza sauti kutoka uani, na Mideva hakuwahi kulitia jina hilo kinywani.

"Ni jina la Mungu, Mama. La Wahindi. Linaniletea usingizi."

"Mungu gani anaitwa kama mwanangu?"

"Nitaliacha."

Alitazamia matusi, au mchungaji aitwe hata kabla ya Jumapili. Badala yake Jael alivuta kigoda kingine, akaketi, goti lake likigusa la Mideva.

"Nimesema uache? Sema tena."

Mideva akasema. Uso wa mama mkwe ulilegea kidogo kidogo. Akasinzia pale pale, kichwa ukutani, kabla unga haujaingia majini.

Sasa neno lilikuwa na sura. Lilikuwa na mwanya wa meno na shati la kazini lililochanika begani. Kila Mideva alipovuta pumzi, mume aliingia. Alipoitoa, mume hakutoka.

Alimweleza Mama Kokila. Safari hii mwanamke yule hakucheka. "Maneno ni mengi," alisema, akampa lingine, Shanti, maana yake amani, akamtamkisha mpaka likanyooka.

Jioni alimkuta Jael ameshaketi jikoni, amejifunga leso safi kama mtu anayengoja mgeni.

"Anza."

"Shanti," Mideva alisema. "Shanti."

Jael alifumbua macho. "Huyo ni nani?"

"Ni amani, Mama."

"Mimi simjui. Niitie Hali."

Mideva alimtazama. Wiki hiyo mama huyu alikuwa ameanza kula, na asubuhi alisikika akimtania Naliaka. Macho ya Mideva mwenyewe yalimwasha kwa kukesha. Akavuta pumzi.

"Hali," akasema. "Hali."

"Polepole," Jael alisema. "Usimharakishe."