Kona ya Nyuma Kushoto

...na bado halijadondoka, hata tone moja, nimechuchumaa hapa barazani kama mtu anayevizia panya, kidole chini ya kona ya nyuma kushoto, gazeti kavu, meza kavu, kidole kikavu, tangi la kioo limejaa maji hadi ukingoni, na huko ndani anacheka tena, Ferista, mke wangu wa ndoa, anacheka, na anayemchekesha si mimi, mimi niko nje nalinda maji ya samaki ambao hata hawajafika, dirisha la sebule liko wazi juu ya kichwa changu, pazia linatoka linaingia, wanaandaa mimea ya tangi, na sauti ya Yassir inapita chinichini kama redio ya jirani, "hii usiifukie, shemeji, unaifunga kwenye jiwe kwa uzi, ukiifukia mzizi unaoza," shemeji, shemeji, hili neno nani alilitunga, mwanaume akiingia kwako akamwita mkeo dada utamuuliza udada umeanzia wapi, akimwita shemeji unampisha kiti na chai unaongeza tangawizi, nami nimeongeza, kwa mkono wangu huu, nikamwambia karibu ndugu yangu jisikie uko kwako, na kweli kajisikia, kavua viatu, soksi zake nyeupe, mwanaume gani wa Tunduma ana soksi nyeupe na vumbi hili la malori, labda hatembei, labda anaelea... sasa hicho, hicho kicheko, kinaanzia puani, kinakwama kooni, halafu kinatoka chote kwa mkupuo kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe, mimi vicheko navijua, ndiyo kazi yangu, nimesimama majukwaani na kwenye sherehe za watu zaidi ya miaka ishirini, Vwawa, Mlowo, hadi ng'ambo Nakonde, nikisikia ukumbi gizani nakwambia hiki cha bia, hiki cha adabu, hiki cha mwenye sherehe anayejua kanilipa na lazima acheke apate thamani yake, ila cha puani kwenda debeni, kutoka kwa Ferista, sijakipata, nimepata tabasamu, nimepata "haya basi, Baba Brenda, kula chakula kinapoa," na huyu, wakala wa forodha, mtu ambaye kazi yake mchana kutwa ni kuvusha mali za watu mpakani, nami mjinga mzima nimemwachia sebule, mtu asiyejua hata kusimulia kwamba mvua inanyesha, atakwambia, "imenyesha," basi, kamaliza, anapangusa miwani, huyo ndiye anachekesha!

Na chanzo ni chai, chai ya Ferista, maana anauza chai pale karibu na ofisi ya Yassir, madereva wakisubiri karatasi zao yeye anaingia na chupa na vikombe, na kwenye ile ofisi, badala ya televisheni kama watu wenye akili, Yassir kaweka tangi la kioo, mimea ndani ya maji, taa juu yake, visamaki vidogo kama vipande vya kucha, Ferista akarudi nyumbani jioni moja akaniambia taratibu, na taratibu si mwendo wake, "Baba Brenda, kuna kijani pale, kijani kinacheza na hakuna upepo," nami nikajibu papo hapo, bila hata kumeza mate, hata mchicha unacheza, ngoja maji yachemke, na nikacheka mwenyewe, akaondoa sahani... akaondoa sahani na kesho yake akakaa kule hadi chai ikapoa kwenye chupa, nikajisemea Lusubilo, mwanaume mwenzako ana maji mazuri kuliko yako, ndipo nikavuka Nakonde kwa bamayo mmoja, ndivyo wanavyomwita mama kule, aliyekuwa anauza vitu vya hoteli iliyofungwa, vitanda, masufuria, na hili tangi, kioo kimeota ukungu mweupe wa chumvi, gundi ya kwenye kona ya njano kama meno ya mvuta tumbaku, nikalivusha juu ya mkokoteni, askari akaniuliza hiki nini, nikamwambia jeneza la samaki, mkuu, msiba uko Tunduma, akacheka, kicheko cha mwenye njaa lakini kicheko, na nyumbani nikalikwangua kwa wembe, nikalisugua kwa siki mpaka baraza likanuka kachumbari, na leo nimelijaza maji ya kununua kwa madumu, mji huu watu wananunua maji ya kunywa, mimi nimenunua ya kutazama, na kama kuna mapenzi yanayozidi hayo mniletee mwenye nayo hapa nimtazame.

Sasa shida ni hii kona, hii hii ya kidole changu, maana juzi Yassir alipopita kutazama kazi, mbele ya Ferista, mikono nyuma kama mkaguzi, kaniambia kwa ile sauti yake ya pamba, "toa yote, kaka Lusu, hata ukoko wa mwisho, gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani," na Ferista akaitikia kwa kichwa, ndiyo kilichoniuma, aliitikia kama yuko kanisani, gundi mpya haishiki juu ya ya zamani, una maana gani wewe, nani wa zamani hapa, nikasema ahsante fundi, na alipotoka tu nikakwangua kona tatu zikang'aa, ya nne nikaacha utepe wa gundi kuukuu, mwembamba kama uzi wa maharage, kusudi, nikapaka mpya juu yake, tuone, tuone nani hashiki, na sasa nimechuchumaa namwomba Mungu na sijui namwomba nini, maana likivuja Yassir atasema pole kaka, tutalifumua tulirudie pamoja, na atakuja kesho, na kesho kutwa, na soksi zake, na lisipovuja atasema hongera kaka, sasa tulete mchanga, tulete mimea, mimea inataka kupogolewa, maji yanataka kubadilishwa, na atakuja kila Jumamosi mpaka nizeeke, yaani nimejenga kwa mikono yangu kitu ambacho kikiharibika anaingia na kikitengemaa anaingia, hata adui yangu asingeniandalia mchezo mzuri hivi... honi, lori limepiga honi huko kwenye foleni, nyamaza wewe, nasikiliza, wamenyamaza, mbona wamenyamaza, watu wawili na beseni la mimea wananyamazia nini, cheka basi, Ferista, cheka nijue uko wapi... "siku ile kwa baba, Iyula," anasema, "ya kuja kujitambulisha," aha, sawa, anasimulia... anasimulia nini, hiyo si yangu? Hiyo ni yangu! Hiyo ndiyo ninayofungia kazi, watu wanaiomba, "MC, tupe ya mbuzi," mwizi yuko ndani ya nyumba, "wazee wamekaa," anasema, "kahawa imeanikwa uwanja mzima, hakuna pa kukanyaga, mshenga akaulizwa kijana wenu anafanya kazi gani," hapo tulia kidogo, mama, waache wasubiri, hatulii, anapita tu, "akasema anachekesha watu, baba akasema haya, atuchekeshe," kaiharibu, kaimwaga kama maji machafu, pale ukumbi huwa unashika matumbo, na sasa anaeleza mimi nilivyosimama kati ya ile kahawa, suti ya kuazima, nikaigiza dereva aliyekwama foleni ya mpakani mpaka akaoa humo humo kwenye foleni, akazaa, akasomesha, na geti bado halijafunguliwa, na hakuna aliyecheka, hata jino moja halikuonekana, mbuzi tu aliyefungwa pale pembeni akapiga chafya, nami ndipo humalizia, nikasema angalau mmoja wa ukoo huu kaelewa, makofi, taa, ahsanteni sana Mlowo, mwisho.

Haishii. Anaendelea, kashapita mbuzi na anaendelea, unakwenda wapi, Ferista, huko hakuna kitu, hadithi imeisha, "mimi niko jikoni na mama na shangazi," anasema, "nyuma ya mlango, na binti anayechumbiwa hatakiwi kusikika mpaka aitwe, hata kukohoa, na huyu mwendawazimu ameshafika pale dereva anapomwita mwanawe jina la geti, shemeji, nilishika upindo wa kitenge nikautia mdomoni nikauma, nikauma, machozi yananitoka, mabega yanaruka, shangazi akadhani nalia kwa uchungu, ananipapasa mgongo, ananiambia pole mwanangu, hujachelewa, bado unaweza kumkataa," na hapo kinatoka, kutoka puani, chote, debe zima, na Yassir naye anacheka, cheko lake kavu la mtu asiyezoea, na mimi kidole kiko chini ya kioo na sikisikii tena kidole, "kitenge kilitoboka," anasema, "ninacho mpaka leo, kiko sandukuni na tundu lake," na Yassir, ni Yassir huyo huyo wa imenyesha, anauliza, "na yeye anajua?" na uzi unakatwa kwa meno, namjua anavyokata uzi, "hajawahi kuniuliza," anasema, wala hajakasirika, anasema kama mtu anayesema sukari imeisha, "akifika kwa mbuzi watu wanapiga makofi, anainama, imekwisha."

Imekwisha. Nimempa mbuzi. Miaka yote hii nimezunguka mkoa mzima nikimpa mbuzi kicheko cha mke wangu, kilikuwa hatua chache nyuma ya mlango na mimi nimekodolea macho meno ya wazee, na huyu kakipata bure, na soksi zake, kwa kukaa tu na jiwe mkononi na kuuliza maneno matatu, namwonea wivu, namwonea wivu mpaka magoti yanauma, namwonea wivu shangazi aliyekuwa na mkono wake kwenye yale mabega yakiruka, nakionea wivu kile kitenge... na kidole, ngoja, kidole kina ubaridi, ni maji au ni jasho langu, sijui, nikikitoa nitajua na sikitoi, ule utepe wa gundi kuukuu uko pale ndani, nauona kupitia kioo, wa njano, na bado sijui kama umeshika au unaniangalia tu, "Baba Brenda!" anaita kupitia dirishani, "vipi huko, linavuja?" na majibu yapo, yameshajipanga mdomoni kama madereva asubuhi, linavuja kama mshahara, halivuji ila linalia, la tatu lina Yassir na soksi ndani yake na hilo ni zuri, hilo lingewaua, wametulia wote wawili, wananisubiri, ndiyo zamu yangu, ukumbi ni wangu, na nausikia mdomo wangu unasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuipandisha jukwaani, "Ferista, kile kitenge kilikuwa rangi gani?" na ndani kimya, hata uzi hausikiki, kimya kirefu kuliko chochote nilichowahi kuwaachia watu, nikijaze kwa utani, nisikijaze, nimechuchumaa hapa, kidole chini ya kona, gazeti bado kavu...