Jogoo wa Mzee Ridhwani

Kokorikooo! Jogoo aliwika ndani ya simu, akaikata katikati salamu ya Mzee Ridhwani. Mudathiru akaurudisha ujumbe mwanzo, akaibana simu sikioni, akasikiliza tena.

"Salaam alaykum, batoto bangu. Niko muzima, ziwa limetulia..." Kokorikooo! Na nyuma ya jogoo, mbali kidogo, mwanamke akicheka.

Mudathiru alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake pale Kamembe, upande wa Rwanda, kati ya maturubai ya malori na vitambaa vya makochi. Baba yake alikuwa akiishi majini karibu mwaka mzima sasa. Watu wa utafiti wa ziwa walimpa mashua ya tanga, paneli ya sola na betri mbili, apime joto la maji alfajiri, adhuhuri na magharibi, kisha atume namba kwa intaneti. Analala humo, anapika humo, anaswali humo. Ndivyo alivyosema. Na kila asubuhi hutuma salamu kwenye kundi la familia.

Lakini jogoo anafuata nini majini? Jogoo ana ua, ua lina mwenyewe, na wiki hii yote mwenyewe alikuwa akicheka mapema asubuhi. Tena kila Alhamisi namba ya Rwanda ya mzee haikupatikana, ikapatikana ya Kongo. Bukavu, mji wa Kongo, ilikuwa pale ng'ambo, mabati yake yakimkodolea macho Mudathiru kila alipofungua duka. Mtu akitaka kuficha nyumba ya pili, atapata maficho gani mazuri kuliko kusema anaishi kwenye maji?

Mudathiru hakuwa mtu wa kumeza hasira. Aliipeleka moja kwa moja kwa mama yake: Papa ana mwanamke Bukavu. Maman Gasaro aliusikiliza ujumbe mara mbili, akaizima simu, akaisukuma chini ya mto. Siku ya tatu sasa hakuwa amemjibu mumewe hata neno.

Na Mudathiru, ambaye hakuna dereva aliyewahi kumrudishia turubai, akafanya jambo ambalo mkono wake haukuwahi kulifanya. Mzee alikuwa ameagiza tanga jipya. Mshono wa juu, unaobeba nguvu zote za upepo, aliushona kwa uzi wa pamba wa mapazia, tena kwa mishono mirefu. Utavumilia upepo mdogo wa ghubani, alijiambia. Mzee akivuka kwenda Bukavu utafumuka, atalazimika kupiga simu aombe msaada, na atataja yuko wapi. Juzi mvuvi mmoja alilichukua tanga akampelekea. Leo ilikuwa Alhamisi, na Mudathiru hakuweza tena kungoja mtego wake. Alifunga duka, akapanda pikipiki mpaka njia ya Giheke, akateremka kwa miguu hadi ziwani, pale mzee aliposema hutia nanga. Alitaka kuliona hilo ua.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Ufukweni, kando ya mtumbwi, mwanamke alikuwa akipanga simu kwenye ndoo, simu kumi na nne, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake.

"Simu zote hizo za nini?" Mudathiru akauliza.

"Na wewe uko polisi?" Mwanamke akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha kwenye ujumbe. "Mimi Drocella, ninauza sambaza, samaki badogo ba huku. Hizi za bavuvi. Ninazipeleka kwa Mzee wa jogoo, azichaji." Akamtazama vizuri. "Aah! Wewe njo mutoto wake, ule fundi! Pua ni ile ile, ila yake haikunjwi hivi."

Huyu ana haraka ya kujieleza, aliwaza Mudathiru. Akapanda mtumbwi bila kucheka.

Ndani ya ukungu Drocella akaanza kuimba kwa sauti kubwa. Mbele yao jogoo akajibu. Ndipo mlingoti ukatokea, na kisanduku cheupe cha intaneti juu yake. Jogoo mwekundu alikuwa amefungwa kamba mguuni, sitahani. Hapakuwa na ua. Palikuwa na sufuria, mkeka wa kuswalia, na shati moja limeanikwa.

"Mudathiru! Leo umekumbuka uko na baba?"

"Papa, jogoo wa nini?"

"Bavuvi banarudi asubuhi, hakuna muntu anaona kitu. Mara mbili banigonga. Njo baniletea huyu. Akisikia wimbo wao anawika, banapita kando."

"Na namba ya Kongo, kila Alhamisi?"

"Alhamisi ninapima kule maji marefu, karibu na mpaka. Kule rezo ya simu ya Kongo njo inashika. Uko unatafuta nini?"

Mudathiru alikuwa tayari ameinama ndani ya kibanda cha mashua, akinusa blanketi. Akatoka na vikombe viwili.

"Na hivi?"

"Kimoja changu. Kingine kinakungojea wewe mwaka muzima."

Drocella akageuka kutazama maji. Mzee akateremsha sauti.

"Mama yako ni mugonjwa? Anasikia salamu zangu, hajibu."

Mudathiru akavirudisha vikombe kibandani. Ukungu ulikuwa ukichanika, na upepo ukaanza kuja kutoka upande wa Bukavu, baridi, wenye harufu ya mvua. Mzee akashika kamba. "Twende tukapime. Drocella, ona sasa kazi ya mutoto wangu!" Tanga likapanda, pima moja, pima mbili, likaanza kujaa. Mudathiru aliutazama mshono wa juu. Angeweza kunyamaza. Likifumuka, atasema uzi ulikuwa mbovu kutoka kiwandani, na nani atabisha? Upepo ukasukuma. Akairukia kamba.

"Shusha, Papa."

"Nini?"

"Mshono wa juu ni uzi wa pazia. Nilijua."

Mzee akashusha. Akauvuta mshono kidogo kwa vidole viwili, uzi ukakatika. Hakufoka. Alianza kukagua mishono mingine yote, mmoja mmoja, akiisogeza karibu na macho. Hakuna aliyewahi kukagua kazi ya Mudathiru mbele yake. Afadhali angepigwa kofi.

"Ulitaka nizame?"

"Nilitaka kukukamata."

Mzee akafungua kundi la familia, akamnyooshea simu. "Anza na mama yako. Bote basikie."

Ndugu kumi na mmoja walikuwa humo, na wote walimwita Fundi. Mudathiru akabonyeza.

"Maman, ni mimi Mudathiru, niko kwa mashua. Hakuna nyumba, hakuna mwanamke. Kuko jogoo, amefungwa kamba. Nilikudanganya. Na tanga la Papa nililishona vibaya kwa kujua." Jogoo akawika, Mudathiru akangoja amalize. "Ninakuapia, Maman, leo nitalifumua lote, nilishone upya kwa mkono, hapa, mbele ya macho yake. Na siku atakapolipandisha kwenda maji marefu, nitakuwa nimekaa chini yake mimi mwenyewe."