Lusia Wawili

Nyumbani kwetu Usangu waliamini kwamba nafanya kazi redioni mpaka walipogundua kuwa hawajawahi kunisikia. Wenzangu wana sauti. Idrisa akisoma habari za mvua na mbolea, bonde zima linamjua hata akikohoa. Mimi nikiulizwa natangaza nini, nasema mimi ndiye fundi wa kompyuta inayorusha matangazo, na hapo hapo uso wa aliyeniuliza unaniambia kuwa mimi ni mwongo. Basi babu yangu, mzee Shigela, alipopanda Uyole kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, alikuja na fimbo yake mpaka kituoni, akaketi kwenye benchi nyuma ya kiti changu.

"Mwangaluka, mke wangu," akanisalimu, maana babu wa kwetu huwa anamtania mjukuu hivyo. "Nimetumwa. Bibi yako kaniambia nikaone kwa macho."

Akachagua siku! Siku hiyo ndiyo niliyokuwa napimwa.

Kompyuta ya matangazo ilikuwa imeteswa na umeme wa kukatikakatika. Mfumo wake wa Linux ulikuwa ukianguka kila mara, na redio inanyamaza katikati ya matangazo ya vifo. Mfumo huo sote tuliuita Lusia, kwa heshima ya mama Lusia, mtangazaji wetu wa kwanza ambaye sasa amestaafu na analima viazi. Ukianguka, watu walisema, "Lusia kalala." Mwanakhamisi, meneja wetu, ni mtu wa Mlandege kule Iringa, mpole kuliko wote mpaka redio inyamaze. Asubuhi hiyo alinisimamia kichwani.

"Saa nne Lusia mpya awe hewani, Nyamizi. Asipokuwa hewani nampigia yule fundi wa Dar, na hicho kiti unampisha. Sitaki tugombane, nakuambia mapema."

"Atakuwa hewani, dada," nikamjibu. Kazi ile nilikuwa nimeifanya vizuri na nilijua.

Nilikuwa nimeigawa diski katika partisheni, yaani vyumba vinavyojitegemea. Lusia mzee nilimwacha kwenye yake bila kumgusa, Lusia mpya nikampa yake, na vipindi tulivyorekodi nikaviweka pembeni kwenye ya tatu, ili mmoja akianguka asiangushe wengine. Lakini kujigamba kwangu hakukuwa kwa ajili ya hayo. Kompyuta ikiwashwa haijui chochote, haijui hata mfumo wake umelala kwenye partisheni ipi. Kwa hiyo kwanza kinaamka kifurushi kidogo kinachoitwa initramfs. Kinabeba vifaa vichache tu, kinaitafuta partisheni, kinaifungua, kinamkabidhi mwenyewe nyumba yake, kisha kinatoweka. Hakuna anayekiona. Kikikosewa, hakuna kingine kitakachoamka. Nilikuwa nimetengeneza viwili, kila Lusia na chake, vyepesi, havina kitu cha ziada. Nilivipenda, na sioni haya kusema hivyo.

Nikawasha. Idrisa alikuwa amechomeka kompyuta mpakato yake kwenye mtambo, inapiga nyimbo wakati tunasubiri. Skrini yangu ikaamka vizuri, programu ya matangazo ikafunguka. Nikabonyeza wimbo. Kimya.

Nikabonyeza tena. Kiashirio cha sauti hakikutikisika hata kidogo.

"Msukuma," Idrisa akaniita kutoka studio, "unaiwasha au unaikamua?"

"Ungejua kukamua usingekuwa unakunywa chai ya rangi kila siku," nikamjibu, lakini utani haukutoka vizuri. Nyuma yangu babu alikuwa ananitazama. Nilijua anachokiona: mjukuu wake amekaa mbele ya kitu kisichotoa sauti, kama watu walivyosema.

Nikakagua nyaya. Zilikuwa nzima. Nikazima, nikawasha tena, na safari hii nikaangalia badala ya kubonyeza. Nyuma ya programu kulikuwa na picha ya mlima Rungwe. Nikashtuka. Rungwe niliiweka kwa Lusia mzee. Lusia mpya nilimwekea picha ya ng'ombe wa babu.

Kumbe kifurushi cha Lusia mpya kilikuwa kimefungua nyumba ya Lusia mzee! Kerneli mpya, yaani moyo wa mfumo mpya, ilikuwa imeingia humo na kukosa vifaa vyake vya sauti, maana vilikuwa kwenye partisheni ya jirani. Lakini kwa nini? Nilikuwa nimekiagiza waziwazi kimtafute Lusia. Kwenye mashine ya mezani nilikojaribia, kilimpata bila shida yoyote. Nikasoma maelekezo yangu neno kwa neno na sikuona kosa. Mwanakhamisi akapita mlangoni, akatazama saa ya ukutani, akaendelea na njia yake. Hilo liliniuma kuliko kama angefoka.

Babu alichoka kunitazama mgongo. Akatoa simu yake, akapiga nyumbani kwenye simu ya shangazi yangu, na kama kawaida yake akapiga kelele kana kwamba anataka sauti ifike Usangu bila mtandao.

"Halo! Kalista? Hebu niitie Nyamizi!"

"Naam, babu," nikaitika, macho yangu kwenye skrini.

Babu akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Si wewe! Namtaka mwenye jina lake."

Mikono yangu ikasimama juu ya kibodi.

Mwenye jina ni bibi. Kwetu mtoto anapewa jina la bibi yake hata kama bibi mwenyewe yupo, anaota jua pale nje. Mtu akiita "Nyamizi" kutoka langoni, anaitika aliye karibu na mlango, na mara nyingi ni yeye. Na mimi, kwa malezi hayo hayo, nilipoandaa partisheni ya Lusia mpya sikufikiri mara mbili: nikaipa jina la ile ya zamani, Lusia, kwa heshima. Fundi wa Dar asingefanya hivyo hata kwa kulipwa. Kwenye mashine ya mezani Lusia alikuwa peke yake. Humu walikuwa wawili, kifurushi kikaita, akaitika bibi.

"Nimewapa wawili jina moja!" nikasema kwa sauti.

Babu akakunja uso. "Hilo nalo ni kosa?"

"Jina si kosa, babu. Wewe ng'ombe wako weusi unawaita jina moja wote. Lakini wakichanganyika na wa jirani, unaangalia nini?"

"Sikio, pale nilipokata alama yangu," akasema.

"Na mimi nitaangalia sikio."

Kila partisheni ina alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiofanana na wa nyingine yoyote. Nikamwamsha Lusia mzee kwa kifurushi chake mwenyewe, naye akaamka bila kinyongo. Ndiyo faida ya kuwatenganisha. Kutokea kwake nikaingia kwa Lusia mpya, nikafuta jina kwenye maelekezo, nikaandika alama, nikakitengeneza kifurushi chake upya. Majina sikuyagusa. Nisingemnyang'anya mtu jina lake kwa sababu ya diski.

"Saa nne," Mwanakhamisi akasema mlangoni.

Nikawasha. Mistari ikapita, skrini ikawa nyeusi, halafu wakatokea ng'ombe wa babu, wote, na mapembe yao. Babu akainuka kwenye benchi. Nikabonyeza kipindi cha Idrisa tulichorekodi, kiashirio kikaruka, na sauti yake ikatoka kwenye spika ikisalimia bonde zima.

Mwanakhamisi hakunisifu. Alitoa simu yake, akanionyesha namba ya yule fundi, akaifuta mbele yangu. Nilijisikia mrefu kuliko mnara wetu.

Babu alikuwa ameshapiga tena nyumbani, safari hii kwa Kisukuma. "Mmewasha redio?"

Bibi naye anaongea kwa kelele, kwa hiyo nilisikia kila neno. "Tumewasha. Nasikia yule kijana tu. Mtoto wangu yuko wapi?"

Babu akanitazama, akatazama kompyuta.

"Yeye ndiye anayeamka kwanza," akasema. "Anawafungulia wengine mlango, halafu humwoni. Nimeona mwenyewe. Asipoamka, huyo kijana humsikii."

"Kama mimi na moto wa asubuhi," bibi akasema.

"Kama wewe."

"Basi mwambie Nyamizi nimemsikia."