Macho Alivyorudi Uwanjani

Mara ya kwanza alidhani amepigwa jiwe. Aligeuka katikati ya mbio, kwa hasira zote, amtafute mshenzi aliyemlenga shavu la mguu, na hapohapo akaenda chini na kumburuta dada yake pamoja naye. Hakukuwa na jiwe wala mshenzi. Ni msuli wake mwenyewe uliochanika. Dada mtu alichunika magoti yote mawili, maana kamba ilikuwa vidoleni mwake na hakuwahi kuichomoa.

Dada huyo haoni tangu utotoni. Kukimbia, anakimbia kuliko wengi wenye macho yao, ila mbio za wasioona zinataka mwongozaji: watu wawili, kamba fupi yenye vitanzi viwili, kila mtu na chake, hatua kwa hatua, mkono kwa mkono. Miaka yote kaka yake ndiye aliyeshika kitanzi cha pili. Kazi yake ni kuuza nyama, anashinda wima nyuma ya meza ya bucha, kisu mkononi, lakini mtaani hakuna anayemwita muuza nyama. Wanamwita Macho. Na jina hilo lilimkaa kichwani, mwana wa watu! Ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake, haitiki.

Sasa, mguu uliochanika una hila zake. Unauma, unanyamaza, na ukishanyamaza mwenyewe anadhani mambo yamekwisha. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi mwenye vidole vigumu kama koleo, alimwambia bila kuzunguka: "Maumivu kuisha siyo kupona, baba. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, nyanyuka kwa vidole, shuka taratibu, kila siku, mpaka mguu huu ulingane nguvu na mwenzake. Kabla ya hapo usikimbie. Haraka haraka haina baraka."

"Na pole pole haina medali," Macho alimjibu, akacheka peke yake.

Ngazi alizifanya siku mbili tatu, akajisikia mzima, akaenda kukimbia. Msuli ukachanika tena. Akapumzika, akajisikia mzima, akarudi. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya, maana ilimkuta kwenye mashindano, kona ya mwisho, dada yake anaongoza na jukwaa zima limesimama. Alianguka naye tena. Na mwongozaji akianguka, mkimbiaji hana mbio. Wenzake walimpita mmoja mmoja, yeye amepiga magoti anapapasa chini, anaita, "Kaka? Kaka, uko wapi?"

Hapo ndipo Macho alipofanya jambo ambalo mimi mpaka leo nikilikumbuka nasonya. Watu walipomzunguka kuuliza kulikoni, alisema, "Kanivuta huyu. Kaongeza mwendo bila kuniambia." Uongo mtupu, mchana kweupe, na dada yake amesimama palepale, damu inamchuruzika magotini. Habari zikatembea: yule binti ana pupa, hawezi kukimbia na mtu, atamuua kaka yake bure. Binti alisubiri kaka yake asahihishe. Alisubiri njia nzima mpaka nyumbani. Macho alikuwa anaulizia barafu.

Wanaishi nyumba moja, Macho, mkewe na dada mtu. Dada anapokea simu kwenye ofisi ya maji, na akirudi jioni anakaa sebuleni, karibu na ngazi ya mbao ya kupanda juu. Ngazi yenyewe ni ya zamani, ukiikanyaga tu inalia.

"Kaka, umefanya mazoezi ya mguu leo?"

"Nimefanya."

"Saa ngapi?"

"Kwani wewe askari?"

Mke wa Macho alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake, akarudi kwenye vitunguu vyake. Wote watatu walijua kuwa ngazi haijalia jioni nzima.

Wakati huo kocha alikuwa amempa dada mwongozaji mwingine, mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyaga nyasi. Macho akawa anakwenda jukwaani kuwatazama, mguu ameunyoosha juu ya kiti, na roho inamuuma kuliko msuli. Mwalimu alikuwa anaongea wakikimbia: kona hiyo inakuja, haya nyoosha, shimo dogo kushoto. Na dada alikuwa anacheka. Macho hakuwahi kujua kuwa dada yake anaweza kukimbia huku anacheka. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alichukia mpaka akashindwa kula alichonunua.

Jioni moja mezani dada alilitoa lililokuwa moyoni. Mbio za kufuzu zinakaribia, alisema, na mwalimu yuko tayari. Labda kaka apumzike msimu huu, mguu upone sawasawa, warudi pamoja mwakani.

Macho alitua kijiko. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. Aliipenda sana methali hiyo, kwa kuwa mkuu ni yeye. Kwamba guu lenyewe lililovunjika ni la mkuu, hilo hakuliona. "Nani alikutoa kwenye kona ya nyumba hii? Nani alikufundisha kukimbia, huyo mwalimu wako? Bila mimi wewe ni kabati. Kabati la nguo, la kuhamishwa chumba hiki kupelekwa chumba kile, na watu wakifagia wanalizunguka."

"Mume wangu!" mkewe alisema, akajiziba mdomo.

Dada aliendelea kula. Alitafuna, akameza, akanywa maji, akaweka bilauri mahali pake. "Sawa, kaka. Basi tujaribu Jumamosi, mimi na wewe, kocha akiwepo. Mguu ukihimili, kamba ni yako mpaka mbio za kufuzu. Usipohimili, ni ya mwalimu, na hutaishika tena."

"Umesema mwenyewe!"

"Nimesema."

Macho alifurahi mpaka akaongeza chakula.

Asubuhi ya Jumamosi alimeza vidonge vya maumivu, akaukaza mguu kwa bendeji, akavuta soksi ndefu juu yake ili kocha asione. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema.

"Wewe hutaki nirudi uwanjani?"

"Nataka urudi nyumbani kwa miguu yako."

Alimpita. Sikio la kufa hilo, dawa ya nini?

Uwanjani kocha alitoa maagizo mafupi: mizunguko kumi, mwendo wa kati, msitafute sifa. Mwalimu alikaa benchi la chini, mikono katikati ya magoti, haya zimemjaa kana kwamba kaiba kitu. Macho alishika kitanzi chake, dada akashika chake, wakaondoka.

Na ilikuwa raha, lazima tuseme haki. Mizunguko ya mwanzo mguu ulikuwa mwepesi, kamba imelegea vizuri, hatua zao zinagonga pamoja utadhani anakimbia mtu mmoja. Mtu akapiga kelele jukwaani, "Macho karudi!" Macho akanyanyua kidevu. Alitamani mwalimu awe amesikia.

Kisha shavu la mguu likaanza kukaza. Si maumivu, kukaza tu, kama mtu anayekushika nguo kwa nyuma. Hatua ya kushoto ikafupika kidogo. Kocha hakuiona, jukwaa halikuiona. Dada aligeuza kichwa kama mtu anayesikiliza sufuria inayochemka chumba cha pili.

"Kaka, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Mguu?"

"Mzima kama wa mtoto."

Mwendo haukupungua. Ulipanda, kidogo kidogo, na yeye akijua kuwa unapanda. Mwongozaji anatakiwa kusema "taratibu," basi, neno moja, na amekuwa akilisema miaka yote hiyo bila kulifikiria. Lakini kulisema leo ni kumkabidhi mwalimu kamba kwa mkono wake mwenyewe. Alilimeza. Jasho lilimtoka ambalo si la mbio, na hofu ikamshika, hofu ya kweli, ya kuwa muuza nyama tu maisha yake yote.

"Nakuuliza mara ya mwisho," dada alisema, wala hahemi. "Tusimame?"

"Nani kakwambia nimechoka? Kimbia!"

"Haya," dada alisema. "Twende."

Akaenda. Huo haukuwa mwendo wa kati tena, ulikuwa mwendo wa kumalizia, na Macho akautupa mguu mbele kumfuata, mara moja, mara mbili, halafu akausikia ukichanika kama shuka kuukuu. Alianguka kifudifudi. Kwa mazoea alijikunja kungoja uzito wa dada yake umwangukie. Haukuja. Alipoinua uso alimwona amesimama wima hatua chache mbele, mkono mtupu, vidole vimenyooka. Kamba yote ilikuwa mkononi mwa Macho, vitanzi vyote viwili.

"Uliachia," Macho alisema. "Uliachia kabla sijaanguka!"

"Niliachia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua tangu ulipoanza kuburuza."

"Na ukaongeza mwendo? Mimi ndugu yako? Ungenilemaza!"

"Nilikuuliza, kaka. Mara mbili." Akaigeukia sauti yake. "Mara ile uliwaambia watu nimekuvuta. Leo nimekuvuta kweli. Kawaambie."

Kocha alifika, akachuchumaa, akaubonyeza mguu kwa kidole. Macho alilia kwa sauti. Kocha akatikisa kichwa, akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali. "Mwalimu, njoo. Mizunguko mitatu imebaki."

Mwalimu alikuja akisitasita. Ilibidi ainame kuichukua kamba, na Macho hakuiachia. Aliing'ang'ania kifuani, machozi na mchanga vimemjaa usoni. "Samahani, ndugu yangu," mwalimu alisema, akambandua kidole kimoja. "Samahani sana." Akambandua kingine. Aliomba radhi mpaka kidole cha mwisho, kisha akampelekea dada kitanzi chake, na wakaondoka.

Macho alibaki amelala kwenye njia ya ndani. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Aliwasikia wanazunguka upande wa mbali, kona ya kwanza, ya pili, hatua zao zinagonga pamoja, halafu zikaanza kuja upande wake.

"Jivute pembeni, wanapita," kocha alisema, macho kwenye saa yake.

Alijivuta kwa viwiko, mwili wake mzito wa mtu wa bucha, mguu ukifuata nyuma.

"Ametoka njiani?" dada aliuliza.

"Bado kidogo," mwalimu alisema. "Tupunguze?"

"Usipunguze."

Macho aliuvuta mguu wa pili kwenye nyasi, wakapita.