Vikombe Arobaini Vilivyofudikizwa

Niliota usiku wa jana kwamba nimeajiriwa kuwa karani wa mkutano huko juu kabisa ya dunia, ambako jua lilikuwa limekwenda likizo ya miezi miwili. Nilikuwa nimevaa kandambili. Hakuna aliyeshangaa.

Ukumbi ni wa mbao. Wamekaa wafugaji arobaini wa kulungu wa theluji, wamevaa makoti ya ngozi, kila mmoja ana kikombe cha kahawa. Kwenye kiti cha mwenyekiti amekaa Muhuri. Ni muhuri wa kawaida wa ofisini, mpini wa mbao, ila amevaa tai.

"Karani, unatoka wapi?" akauliza.

"Kaskazini. Maikona, pembeni mwa jangwa la Chalbi."

Ukumbi mzima ukacheka. Mama mmoja mnene aliyekaa kando yangu, jina lake Biret, akajifuta machozi. "Binti yangu, huko ni kusini mpaka kusini inakwisha."

"Sisi tunaitwa watu wa kaskazini, mama."

"Na nani?"

"Na walio kusini."

"Basi sisi ni ndugu," akasema, akanisogezea sukari.

Muhuri akakohoa wino. "Kampuni inataka kupitisha barabara ya mgodi katika bonde la Juovva, wanakozalia kulungu wenu. Kutakuwa na ajira. Kutakuwa na maendeleo. Kifungu cha tano: asiyetamka neno ndani ya dakika tatu, amekubali."

Dakika tatu zikaingia. Zilikuwa wanaume watatu wembamba, kofia mikononi. Wakasimama mlangoni.

Hakuna aliyetamka neno. Watu arobaini wakanywa tone la mwisho, wakafudikiza vikombe juu ya meza, midomo chini. Ko. Ko. Ko. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayepigilia misumari polepole.

"Safi," Muhuri akasema. "Wamemaliza kahawa, wameridhika. Waongezewe."

"Mama Biret," nikanong'ona, "kwa nini hamjibu?"

"Tumeshajibu. Kwetu, kumkatalia mgeni kwa mdomo ni kumfukuza nje afe kwa baridi. Ukikataa, unafudikiza kikombe. Hata mtoto anayenyonya anajua."

"Lakini huyu hajui! Mwambie!"

"Kwa mdomo?" Aliniangalia kama nimemwambia avue nguo.

Dakika ya kwanza ikavaa kofia, ikatoka.

Nikaelewa. Ya tatu ikitoka, Muhuri ataanguka kwenye karatasi, na mwezi wa tano kulungu watafika bondeni na tumbo la mimba, wakute malori. Adabu ya watu hawa ndiyo itakayowamaliza, na kalamu iliyo mkononi mwangu ndiyo itakayoandika kwamba waliridhia.

Nikainua kikombe cha Biret. Chini yake kulikuwa na mvuke, na ndani ya mvuke sauti yake, kubwa, haina aibu hata kidogo: "Tumekataa. Hatukatai kazi. Tuna kiwanda chetu cha kukausha nyama, tumekijenga miaka tisa kwa mikono hii. Tuuzieni umeme kiendelee. Siku tukitaka mgodi tutawaita sisi wenyewe, na tutawaonyesha pa kuchimba."

Nikaandika.

"Karani!" Muhuri akafoka. "Unaandika yanayosemwa tu. Vikombe havisemi."

"Mbona wewe unasema?"

Muhuri akalegeza tai. Dakika ya pili ikatoka.

Nikainua kikombe kingine, na kingine. Mmoja anataka shule ifundishe kwa lugha ya nyumbani. Mwingine anamtukana bosi wa kampuni matusi ambayo niliyaandika yote kwa hati nzuri. Naandika, mkono unaniuma, vikombe bado ni vingi, na dakika ya tatu inavaa kofia.

Nikakimbilia mlangoni na kandambili zangu. "Mjomba, unakwenda wapi na baridi hii? Karibu kiti. Kahawa?"

Akashika kofia. "Tangu nianze kazi hii," akasema, "hakuna aliyewahi kunikaribisha. Kila mahali ni toka, toka, toka."

Akakaa. Akaomba sukari vijiko vitatu. Anakunywa polepole, anapuliza, anakunywa. Mimi naandika.

Nilipofika kikombe cha arobaini, mbao zilikuwa zimegeuka mabati. Joto. Ni baraza la chifu, kwetu Maikona, na mbele yangu amekaa Akko, bibi yangu, tuliyemzika mwaka juzi. Amefudikiza kikombe chake cha bati. Nikakiinua.

"Talaso," sauti yake ikasema, "walipokuja kupima ardhi yetu nilinyamaza kwa heshima. Wakaandika nimekubali. Hawakuniuliza kunyamaza kwangu kuna maana gani. Andika upya."

Akko mwenyewe alikuwa anatazama mikono yangu tu.

Nikaandika: *Wamekataa. Wote arobaini.* Mjomba akaweka kikombe chini, akaniinamia kidogo, akatoka. Muhuri akaruka, akaanguka katikati ya ukurasa kwa kishindo. Hakuacha alama yoyote. Karatasi ilikuwa imejaa, hapakuwa na pa kugonga.

"Umevuruga mkutano," akasema, amelala ubavu. "Chana kurasa hizo. Kisha omba radhi."

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka, na chumba kilikuwa moto kama kawaida ya Maikona. Shuka nilikuwa nimelitupa sakafuni. Binamu yangu Kabale ameketi kitandani kwake, amenikodolea macho.

"Wewe! Umepiga kelele 'wamekataa, wamekataa' mpaka mbuzi wa jirani wakatoka zizini. Mzee Guyo, mwenye mbuzi, yuko nje, anauliza nani ataomba radhi." Kisha akanisogelea. "Talaso, mbona unatoa moshi mdomoni?"

Nikapumulia kiganja changu. Pumzi ilitoka nyeupe, nzito, kama ya mtu aliyesimama kwenye theluji.

"Mwambie Mzee Guyo siombi radhi," nikasema, na kila neno likatoka na mvuke wake. "Na yule mwenye tai pia. Siombi."